Utumbo Uliochoka

Daktari alivuta mstari wa kwanza juu ya pingili ya tano ya kiuno, kutoka ncha moja mpaka nyingine. Wa pili akaukatisha kwenye utumbo mpana, pale ulipotanuka kuliko kwingine kote. Picha ya eksirei ilijaa kioo kizima cha kompyuta, na hata mimi nisiyesomea haya mambo niliona. Utumbo wa Tarishi, paka wangu, ulikuwa umelala tumboni mweupe, mnene, umejaa madonge, umesukuma kila kitu pembeni.

Akagawanya upana kwa urefu. Jibu likiwa chini ya 1.28, utumbo unahesabika kuwa wa kawaida. Likizidi 1.48, madaktari wa wanyama huanza kuamini kwamba utumbo umetanuka kupita uwezo wake wa kujirudi.

La Tarishi lilikuwa limezidi.

"Mama Tarishi," akasema. Pale kliniki hakuna anayejua jina langu halisi, na nimeshaacha kuwasahihisha. "Dawa tutaendelea nazo. Lakini anza kufikiria upasuaji."

Basi nimefikiria. Wiki zote hizi nimefikiria nikipika, nikifua, nikiwa nimemshika paka mkononi na bomba la dawa limebanwa kati ya meno yangu. Haya ndiyo niliyoyafikiria.

## Kinachoendelea humo ndani

Kazi kubwa ya utumbo mpana ni kunyonya maji. Haujui kuacha. Kinyesi kikifika na kupita, kinatoka na unyevu wake. Kikikaa, kinaendelea kunyonywa mpaka kinakuwa jiwe. Jiwe likipita linauma, na paka aliyeumia hapendi kurudia. Anajizuia. Anapojizuia kinakauka zaidi, kesho yake kinauma zaidi, na kadhalika.

Paka mwenye afya hupata choo kama mara moja kwa siku. Zikipita saa 48 bila kitu, hizo tayari ni habari za kumpelekea daktari, hata kama mnyama anakula na kucheza.

Ubaya wa mduara huu ni kwamba hauishii kwenye kinyesi. Ukuta wa utumbo ni misuli. Ukivutwa na madonge leo, wiki ijayo, mwezi ujao, unafika mahali unalegea kama mpira wa suruali ya zamani: upo, unaonekana, lakini haubani tena. Hapo ndipo mtu anapoweza kumpa paka kila dawa ya kulainisha duniani na bado hakuna wa kusukuma.

Nani alianza, kinyesi kigumu au misuli mibovu? Kwa paka wengi hakuna anayejua. Wapo waliogongwa na gari, nyonga ikavunjika, mfupa ukaunga vibaya na kuibana njia. Wapo wa uzao wa Manx, wale wasio na mkia, ambao baadhi yao huzaliwa na kasoro kwenye neva za mwisho wa uti wa mgongo. Figo zikianza kuchoka mwili unakauka, na utumbo unavuta maji kwa pupa zaidi. Potasiamu ikishuka kwenye damu, misuli inalegea. Baridi yabisi nayo: paka mzee ambaye kuchuchumaa kunamuuma ataahirisha haja mpaka ishindikane. Dawa kali za maumivu na baadhi ya dawa za mzio hufunga choo vilevile.

Tarishi alipimwa hayo yote. Figo ziko sawa, nyonga iko sawa, damu iko sawa. Yeye ni dume, amehasiwa, ana umri wa kati, na hilo ndilo kundi ambalo ugonjwa huu hulitembelea mara nyingi bila kutoa sababu.

Kukosa sababu kuna uchovu wake. Hakuna wa kumlaumu wala kitu cha kuondoa.

## Kwanza hakikisha ni choo

Hapa nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu kosa lake linaua.

Paka anayeingia kwenye sanduku la mchanga, akachuchumaa, akakamua, akatoka bila kitu, akarudi tena, si lazima awe amefunga choo. Anaweza kuwa ameziba mkojo. Ukimtazama kwa mbali mikao inafanana sana. Kwa dume hasa, ambaye njia yake ya mkojo ni nyembamba, kuziba huko ni dharura ya saa hiyohiyo: sumu zinapanda kwenye damu, potasiamu inaruka juu, moyo unavurugika, na anaweza kufa ndani ya siku 2 au 3. Haingojwi kesho. Hapewi dawa ya choo tuone. Kama hujaona bonge la mchanga uliolowa na paka anakamua, mbebe uende.

Kuna mtego wa pili, wa upande wa pili kabisa. Kinyesi kikigoma kutoka, ukuta wa utumbo unakereka na kutoa maji na kamasi, na maji hayo yanapenya pembeni mwa jiwe. Unachokiona wewe sandukuni ni matone ya uharo. Mtu anatafuta dawa ya kuzuia kuharisha, anampa paka ambaye tayari amefungwa.

Na wapo wanaotapika. Tarishi ni wa hao. Anakamua, anatoka sandukuni, anatembea hatua chache, anatapika povu jeupe katikati ya zulia. Siku za mwanzo tulidhani tumbo na utumbo ni magonjwa mawili tofauti. Ni kitu kimoja: kukamua kwa nguvu kunachochea kichefuchefu, na mwili uliojaa chini hautaki kupokea juu.

## Sandukuni

Sikuwahi kudhani nitafika umri huu niwe mtaalamu wa kinyesi cha paka, lakini ndiyo hivyo.

Navaa glavu, nachukua kijiti, navunja. Kinyesi kizuri kinakatika kwa ulaini na kinashika chembe za mchanga kwa nje, kwa sababu kina unyevu. Kibaya ni vidonge vilivyotengana, vyeusi, vikavu kiasi kwamba mchanga hauvigandi. Ukivigonga kwenye ukingo wa sanduku vinalia. Katikati ya hivyo viwili kuna cha tatu ambacho ndicho ninachokiogopa: kipande kimoja kinene, kigumu mwanzoni na laini mwishoni. Watu wengine wangekifurahia. Mimi nakisoma kama foleni: cha mbele kilikaa sana, cha nyuma ndiyo kwanza kimefika.

Naandika yote. Tarehe, saa, ukubwa, ugumu, amekamua au la, ametapika au la, dozi ipi alipewa. Daftari hilo ndilo limemsaidia daktari kuliko maelezo yangu yote ya mdomo, maana mdomo unasema "yuko vizuri tu" na daftari linasema sivyo.

Na sanduku lenyewe lina maneno. Paka hujizuia akikuta choo kichafu, akikuta kimewekwa karibu na mashine inayonguruma, akikuta paka mwenzake amekalia mlango. Kanuni ya wataalamu ni sanduku moja kwa kila paka, na moja la ziada. Kwa mzee au mwenye viungo vibovu, ukingo wa kuingilia uwe mfupi. Mambo haya hayamponyi mwenye utumbo uliolegea, ila ni upuuzi kumlipia mnyama vipimo vya gharama huku anakimbia choo chake kwa sababu kinanuka.

## Maji, maji, maji

Paka wa nyumbani wametokana na paka-mwitu wa Afrika, mnyama wa nchi kavu. Figo zake zinajua kubana mkojo mpaka tone la mwisho, na maji mengi aliyoyahitaji aliyapata kwenye mwili wa panya, ambao karibu asilimia 70 ni maji. Ndiyo maana kiu yake ni ndogo. Ukimpa chakula kikavu chenye maji asilimia 10 hivi, anakunywa zaidi, kweli, lakini mara nyingi hafidii pengo lote. Chakula cha mkebe kina maji asilimia 75 na zaidi.

Kwa hiyo tulihamia kwenye mkebe, na juu yake naongeza maji vijiko kadhaa mpaka kinakuwa uji mwepesi. Anaulamba. Bakuli za maji zimetapakaa nyumbani, pana, mbali na sanduku na mbali na sahani ya chakula. Anayoipenda ni ile ya bafuni. Sijui ina nini.

Akikauka kweli daktari anampa maji chini ya ngozi, kati ya mabega. Kuna wamiliki wanaofanya hivyo wenyewe nyumbani baada ya kufundishwa. Uvimbe wa maji unabaki mgongoni kama nundu kisha unashuka polepole huku ukinyonywa. Mdogo wangu, aliyekuwa amemshika mara ya kwanza, alicheka mpaka paka akakasirika.

## Malenge

Mtaje paka mwenye choo kigumu mbele ya wapenda paka wowote na kabla hujamaliza sentensi utaambiwa: mpe malenge.

Sina ugomvi na malenge. Kijiko kimoja cha malenge kina nyuzinyuzi kidogo tu. Sehemu kubwa ni maji, na maji hayadhuru. Ugomvi wangu ni na imani iliyo nyuma yake, kwamba nyuzinyuzi ni nzuri kwa kila choo kigumu. Kwa paka ambaye utumbo wake bado unasukuma, maganda ya mbegu za isapgoli yaliyolowekwa vizuri yanasaidia kweli: yanashika maji, yanalainisha, yanaupa ukuta wa utumbo kitu cha kubana. Zipo hata lishe maalumu zilizotengenezwa hivyo, na zimewaondoa paka wengi kwenye dawa.

Lakini nyuzinyuzi huongeza ujazo. Ukiongeza ujazo kwenye utumbo ambao hausukumi tena, umeongeza mzigo ghalani na mlango umefungwa. Kwa paka wa namna hiyo daktari hugeukia chakula kinachosagika karibu chote, kinachoacha mabaki machache.

Swali ambalo hakuna kopo lenye jibu lake ubavuni: wako ni yupi kati ya hao wawili? Na je, bado ni yuleyule aliyekuwa mwaka jana? Tarishi alisaidiwa na nyuzinyuzi kwa muda mrefu. Kisha hesabu za daftari zikaanza kubadilika, madonge yakawa makubwa zaidi na ya nadra zaidi, kwa chakula kilekile. Chakula hakikubadilika. Utumbo ndio uliobadilika.

## Dawa tatu na mpangilio wake

Ya kwanza ni laktulosi, shira ya sukari isiyonyonywa inayovuta maji utumbini. Hesabu ya kuanzia ni nusu mililita kwa kila kilo ya uzito, mara 2 au 3 kwa siku, kisha inapandishwa au kushushwa kwa kuangalia sanduku. Ni tamu sana, jambo lisilo na faida yoyote kwa mgonjwa: paka hawana kipokezi kinachofanya kazi cha ladha tamu, jeni yake ilikufa zamani, kama watafiti walivyoonyesha mwaka 2005. Kinachobaki kwake ni ile nata tu. Tarishi anatikisa kichwa, tone linaruka ukutani, linakauka, linashika vumbi. Manyoya ya kidevu yanagandamana.

Ya pili, iliyotuokoa na vita hivyo, ni unga wa polietilini glaikoli 3350. Hauna ladha, unayeyuka kwenye ule uji wa mkebe. Wengi huanzia sehemu ya nane hadi robo ya kijiko cha chai mara 2 kwa siku, na kipimo anakupa daktari wako, si mimi. Sharti lake ni kwamba paka awe anakunywa maji ya kutosha, maana unga huo unayashikilia maji yaliyomo, hauyaumbi.

Ya tatu ni sisapridi, na hii ni ya aina nyingine kabisa. Hailainishi, inaamsha misuli isukume. Nchini Marekani iliondolewa kwenye matumizi ya kawaida ya binadamu mwaka 2000 kwa sababu ilivuruga mapigo ya moyo ya baadhi ya wagonjwa. Paka wanaistahimili vizuri, kwa hiyo imebaki ikichanganywa na wafamasia kwa ajili ya wanyama. Ina mambo mawili ya kukumbuka. Haiendi pamoja na baadhi ya dawa za fangasi, zinazoizuia isivunjwe mwilini. Na haipewi paka aliyeziba. Kwanza anazibuliwa, ndipo anasukumwa. Ukiamrisha misuli ibane juu ya jiwe lisilopita, unamtesa.

Kuna vitu vitatu ambavyo nyumbani kwetu havigusi mdomo wala mkia wake. Enema za dukani zenye fosfati, yaani maji ya dawa yanayoingizwa kwa njia ya haja kubwa, zimetengenezwa kwa binadamu. Kwa paka fosfati inapanda, kalsiamu inaanguka, na anaweza kufa kwa kifurushi kimoja. Mafuta ya parafini kwa mdomo hayana ladha, paka hajui kama anameza, yanateleza mpaka mapafuni. Na maziwa: ndiyo, yanaweza kumharisha asiyeweza kuyasaga, lakini kuharisha kunakausha mwili, na mwili mkavu ndio tulioanza nao.

## Meza ya kuzibuliwa

Pamoja na hayo yote, huziba.

Akiziba kabisa anawekwa dripu kwanza, mwili urudishiwe maji na chumvi zake. Wakati mwingine mpira mwembamba unapitishwa puani mpaka kwenye umio, na maji ya polietilini glaikoli yanatiririshwa polepole kwa saa nyingi mpaka njia ifunguke. Ikishindikana analazwa kwa nusukaputi, anawekewa mpira wa hewa kooni ili akitapika asivute mapafuni, na daktari anavunja madonge kwa vidole, mkono mmoja nje ya tumbo, maji ya uvuguvugu na kilainishi vikiingia kwa chini. Ni kazi ya taratibu. Ukuta wa utumbo uliovimba unachanika kirahisi.

Anarudi nyumbani mwepesi, anakula kama aliyetoka vitani, na wote tunapumua.

Hapa ndipo fikra zangu zilipogeuka. Kichwani mwangu dawa zilikuwa upande wa matumaini na kisu kilikuwa upande wa kushindwa. Kila tulipozibua salama nilihesabu kwamba tumekwepa kisu. Kumbe kila anapoziba, utumbo unavutwa tena kwa siku kadhaa kabla hatujafika mezani, na misuli iliyokuwa imebaki inapungua. Daktari aliponiambia nianze kufikiria, hakuwa anasema tumeishiwa. Alikuwa anasema subira nayo ina bei, na anayeilipa ni Tarishi.

Nikaanza kusoma daftari kwa jicho lingine. Si "amepata choo?" bali "siku ngapi za wiki hii alikuwa paka?" Alipanda dirishani? Alimfukuza nzi? Au alilala chini ya kitanda, kisha tukamvuta na kumfungua mdomo, kisha akarudi chini ya kitanda?

Majibu yalikuwa mchanganyiko. Ningependa yawe upande mmoja, ingekuwa rahisi.

## Kisu

Upasuaji wenyewe unaondoa karibu utumbo mpana wote na kuunganisha kilichobaki. Unasikika kama ukatili, na nilipousikia mara ya kwanza nilidhani mnyama asiye na utumbo mpana hawezi kuishi. Wanaishi. Utumbo mwembamba hujifunza, baada ya muda, kufyonza sehemu ya maji ambayo mwenzake alikuwa akiyafyonza. Wiki za mwanzo choo ni uji. Kwa wengi kinajishika ndani ya mwezi au miwili, wengine miezi zaidi, na wachache hubaki laini maisha yao yote na kwenda sandukuni mara nyingi kuliko zamani. Wengi huendelea vizuri kwa miaka. Baadhi hurudia kufunga choo.

Hatari kubwa ni siku za kwanza 3 hadi 5, kwamba mshono unaweza kuvuja na kutia sumu tumboni. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Wala hashauriwi kupigwa enema kabla ya kukatwa: madonge makavu hayamwagiki wakati wa kazi, maji machafu yanamwagika.

Mdogo wangu anasema tungeshakata. Hoja yake ni nzuri: Tarishi bado ana nguvu, moyo na figo ni nzima, na mgonjwa mwenye nguvu ndiye anayehimili mshono. Hoja yangu ni kwamba sisapridi ameianza karibuni, dozi yake haijafika juu, na sitaki kumkata paka ambaye huenda dawa ingemtosha. Tumebishana jikoni mara kadhaa, naye Tarishi yuko katikati anadai mkebe.

Tulichokubaliana na daktari ni hiki. Dozi inapandishwa mpaka kiwango chake. Eksirei inarudiwa, mistari ileile, pingili ileile. Akiziba tena akiwa kwenye dawa zote tatu kwa kipimo kamili, hatutaishia kumzibua safari nyingine: anapewa dripu, anapimwa damu, na anapelekwa kwa daktari wa upasuaji kabla hajadhoofu. Nimemwomba aandike hayo kwenye faili na nikaweka saini, ili siku hiyo ikija, nikiwa nimesimama pale na machozi, nisianze kuomba wiki moja zaidi.